Pishi za Wachina wa kale: jina lilelile, chombo kingine

Katika miaka ya 50 K.K., ofisa wa enzi ya Han aitwaye Geng Shouchang alimkumbusha mfalme wake jambo ambalo hazina ilikuwa imelizoea: kila mwaka nafaka ya hu milioni 4 (hu ni kipimo cha ujazo) husafirishwa kutoka mashariki kuja kulisha mji mkuu, Chang'an, na kazi hiyo hutumia watu 60,000. Ikapita miaka 1,500 na ushee. Mwaka 1472 serikali ya Ming nayo ikapanga kiasi cha nafaka ya kodi kitakachopandishwa kwa Mfereji Mkuu hadi Beijing: shi milioni 4 kwa mwaka. Wakati wa Han hu moja ilikuwa dou 10. Wakati wa Ming shi moja ilikuwa dou 10. Anayesoma kumbukumbu hizo mbili kwa haraka ataondoka na picha ya nchi iliyokaa palepale kwa karne kumi na tano.

Picha hiyo si ya kweli. Mzigo wa Ming ulikuwa mkubwa kuliko wa Han kwa takriban mara nane, na wala hakuna karani aliyekosea kuandika. Aliyekosea ni msomaji aliyedhani kwamba dou ni dou. Ili kupata ukubwa halisi wa kipimo chochote cha nafaka katika vitabu vya China, lazima ujue kwanza ni karne gani, kisha nafaka yenyewe ilikuwa imekobolewa au la, na ikiwezekana ujue pia nani alikuwa anamimina na nani anapokea. Hilo la mwisho ndilo lililoniingiza katika habari hizi, na naona ndilo lililoyazaa mengine.

Ngazi yenyewe

Tuanze na lililo jepesi. Hanshu, historia rasmi ya enzi ya Han, inapanga vipimo hivi: yue 2 ni ge 1, ge 10 ni sheng 1, sheng 10 ni dou 1, dou 10 ni hu 1. Kwa vipimo vya leo, yue ya Han ilikuwa na mililita 10 hivi, ge 20, sheng 200, dou lita 2, na hu lita 20, yaani debe. Ukiikariri sheng peke yake inatosha, maana nyingine zote unazipata kwa kuzidisha au kugawanya kwa kumi, isipokuwa yue.

Halafu kuna shi, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Kwa asili shi ni uzani: jin 120, na kwa kuwa jin ya Han ilikuwa karibu gramu 250, shi moja ni kama kilo 30. Lakini watu walizoea kuita shi pia kile kiasi cha nafaka kinachojaza dou 10. Katika sheria za Qin, dola iliyotangulia Han, kodi ya majani ya mifugo kwa kila qing ya shamba (kipimo cha eneo) ilikuwa shi 3 za nyasi kavu na shi 2 za mabua, na hapo shi ni ya mizani. Ukurasa mwingine wa sheria hizohizo unataja shi za nafaka, na hizo ni za kumimina. Hakuna alama inayokwambia ipi ni ipi; unatazama kilichopimwa. Baadaye neno hilo likawa linasomwa dan, na ndiyo sababu vitabu vya leo huandika shi mahali pamoja na dan pengine kwa herufi ileile ya Kichina. Na kana kwamba hayo hayatoshi, mwishoni mwa enzi ya Song ya Kusini, katika karne ya 13, hu ilipunguzwa ikawa dou 5 tu, huku shi ikibaki dou 10. Kwa hiyo hu na shi zinalingana katika vitabu vya kale, lakini katika vitabu vya baadaye hu ni nusu ya shi.

Kiboksi cha mwaka 344 K.K.

Jumba la Makumbusho la Shanghai lina kiboksi cha bronzi cha mstatili chenye mkono mfupi ulio wazi ndani, urefu wake wote sentimita 18.7. Ubavuni kimechongwa maandishi yanayosema kwamba katika mwaka wa 18 wa mtawala wa Qin, ambao ni 344 K.K., ulikuja ugeni wa maofisa kutoka dola ya Qi, na kwamba mwezi wa 12 Shang Yang, waziri wa Qin, aliamua cun za ujazo 16 na moja ya tano ziwe sheng moja. Cun ni sehemu ya kumi ya chi, kipimo cha urefu.

Wataalamu wamepima ndani ya kiboksi hicho: urefu sentimita 12.48, upana 6.97, kina 2.32. Cun ya wakati huo ilikuwa sentimita 2.31. Gawanya, utapata cun 5.4 kwa 3 kwa 1. Zidisha hizo tatu, jibu ni 16.2, kama ilivyoandikwa ubavuni. Ujazo wake halisi ni mililita 202.

Hapa Shang Yang anastahili heshima yake, hata kama sheria zake nyingine zilikuwa za kuogofya. Chombo kinachonakiliwa kutoka kwenye chombo kingine hukosea kidogo kila kinaponakiliwa, na baada ya vizazi vitatu hakuna anayejua cha kwanza kilikuwaje. Sheng iliyofungwa kwenye kipimo cha urefu ni kitu kingine kabisa. Mtu yeyote mwenye rula na anayejua kuzidisha anaweza kuikagua, awe karani wa mji mkuu au wa mpakani. Lita yetu ilizaliwa kwa wazo hilohilo, ujazo wa mchemraba wa desimita moja, ila ilichelewa kwa zaidi ya miaka 2,000.

Kiboksi hicho kina maandishi mengine chini ya kitako. Qin ilipomaliza kuziteka dola zote mwaka 221 K.K., kilichongwa upya kwa amri ya Qin Shi Huang, mfalme wa kwanza wa China nzima, amri ya herufi 40 inayoagiza kwamba vipimo visivyolingana na vyenye kutia shaka vifanywe kuwa kimoja. Shang Yang mwenyewe alikuwa ameuawa tangu mwaka 338 K.K., lakini sheng yake haikubadilishwa.

Miaka 350 hivi baada ya kiboksi hicho, mwaka wa 9 B.K., Wang Mang alipojitwalia kiti cha Han alitengeneza chombo cha kuonyesha kwamba utawala wake unafuata mpango wa mbingu. Kiko Taipei, katika Jumba la Makumbusho ya Kasri. Ni pipa la bronzi lenye masikio mawili, na ndani ya umbo hilo moja mna vipimo vyote vitano: upande wa juu wa pipa ni hu, chini ya kitako chake kuna dou, sikio moja ni sheng, na sikio la pili lina ge juu na yue chini. Maandishi yake yanasema eneo la mdomo wa hu ni cun za mraba 162, kina cun 10, ujazo 1,620. Hu moja ina sheng 100, kwa hiyo kila sheng ni cun za ujazo 16.2. Tarakimu ya Shang Yang, bila kupungua wala kuzidi.

Liu Xin, aliyekokotoa chombo hicho, alitaka duara lenye eneo kamili la 162. Alianza na mraba wa chi moja, akauzungushia duara, kisha akaongeza kiasi kidogo sana, sehemu 95 za elfu kumi za chi, kila upande wa ulalo. Ukirudisha hesabu nyuma unapata kwamba alitumia pai ya 3.1547. Kwa wakati ambao wengi waliridhika na 3, si haba.

Chombo hicho pia kilitakiwa kitoe sauti fulani kinapogongwa, sauti ya msingi ya muziki wa dola, kwa sababu Wachina wa Han walivifunga vipimo vyote kwenye filimbi moja ya mwanzi: urefu wake punje 90 za uwele mweusi, ujazo wake punje 1,200, na ujazo huo ndio yue. Ni fundisho la kupendeza, lakini sidhani kama liliwahi kumsaidia mtu ghalani. Punje za uwele hutofautiana kwa mvua na udongo. Enzi ya Song, wasomi wakubwa kama Sima Guang na Fan Zhen walibishana kwa miongo kuhusu namna ya kuirudisha filimbi ya kale, ikiwamo punje zipangwe kwa urefu au kwa upana, na hawakufikia mwafaka. Kilichowasaidia wataalamu wa siku hizi kujua sheng ya Han ilikuwa mililita 200 si punje, ni bronzi zenyewe.

Anayemimina na anayepokea

Kwa nini watawala walihangaika hivyo? Jibu zuri kuliko yote liko katika Zuozhuan, kitabu cha kale cha historia, chini ya mwaka 539 K.K. Waziri Yanzi wa dola ya Qi alikuwa ugenini dola ya Jin, na mwenyeji wake akamuuliza hali ya kwao. Akasema kwa uchungu kwamba Qi itaangukia mikononi mwa ukoo wa Chen, ambao vitabu vingine huuita Tian, na sababu aliyoitaja ilikuwa pishi.

Qi ilikuwa na vipimo vyake: sheng 4 ni dou, dou 4 ni ou, ou 4 ni fu, fu 10 ni zhong. (Dou hii si ile ya sheng 10; ni herufi tofauti na kipimo tofauti. Wachina hawakutuhurumia.) Ukoo wa Tian ukatengeneza vipimo vyake vya nyumbani, ukivipandisha vile vitatu vya kati kila kimoja kwa hatua moja, hivyo zhong nayo ikawa kubwa. Kisha ukawa unawakopesha watu nafaka kwa kipimo cha nyumbani, na kupokea marejesho kwa kipimo cha serikali. Mkulima anakopa fu kubwa, analipa fu ndogo. Yanzi anasema watu waliwakimbilia kama maji yanavyoteremka. Mwaka 481 K.K. kiongozi wa ukoo huo alimuua mtawala wa Qi, na mwaka 386 K.K. mfalme wa Zhou akamtambua Tian He kuwa mtawala halali.

Wafasiri wamebishana sana kuhusu ile hatua moja, kama iliifanya fu kuwa na sheng 80, 100 au 125. Mwaka 1857 huko Shandong vilifukuliwa vyombo vitatu vya bronzi vya Qi ya ukoo wa Tian, na viwili kati yake ni fu, kila kimoja lita 20 na nusu hivi. Ukigawanya kwa sheng ya mililita 205, jibu ni 100. Waliopata dola kwa pishi kubwa walivihesabu vipimo vyao kwa makumi, kama majirani.

Qin haikutaka mchezo huo urudiwe na mtu mwingine. Vibanzi vya mianzi vilivyopatikana Shuihudi, mkoani Hubei, mwaka 1975 katika kaburi la karani wa Qin vina viwango vya faini. Pipa la dou 10 likikosea kwa sheng 2 au zaidi, ofisa mhusika analipa deraya moja. Likikosea kati ya sheng 1 na 2, analipa ngao. Dou ikikosea kwa nusu sheng au zaidi, deraya. Chini ya hapo hadi theluthi ya sheng, ngao. Kwa hiyo kosa la sehemu moja ya mia halikuvumiliwa hata kidogo kwenye pipa la ghala. Enzi ya Tang (karne ya 7 hadi ya 10) nayo iliagiza vipimo vikaguliwe kila mwaka mwezi wa 8, na sheria yake ikampangia mkaguzi aliyesawazisha vibaya viboko 70.

Faini hizo zinashughulikia ukubwa wa chombo tu. Namna ya kukijaza ni habari nyingine. Waswahili wa pwani walitofautisha kibaba cha mfuto, kilichofutwa sawasawa na ukingo, na kibaba cha tele, chenye kichuguu juu. Na mkulima wa Tanzania anayelazimishwa kuuza viazi kwa lumbesa hahitaji kuelezwa tofauti hiyo inaingia mfuko wa nani. Wachina walikuwa na ubao wa kufutia uitwao gai, na wenyewe ulikuwa sehemu ya vipimo rasmi: maagizo ya kale ya ukaguzi, uliopaswa kufanyika siku ambazo usiku na mchana hulingana, yanautaja ubao huo pamoja na mizani na mapipa. Ubao wenye ukingo uliobonyea huacha kichuguu, wenye ukingo uliovimba huchota nafaka kutoka ndani.

Makarani wa kodi wa enzi ya Ming waliligeuza jambo hili kuwa ufundi wenye jina lake. Mkulima humimina nafaka mpaka hu inachongoka juu kama pia. Karani huipiga hu teke. Nafaka hushuka na kujipanga, sehemu ya kile kichuguu humwagika chini, na kilichomwagika hakirudi kwa mkulima. Kinahesabiwa kuwa hasara ya ghala. Kisha pengo lililotokea linajazwa tena.

Dawa bora dhidi ya teke haikuwa sheria bali umbo. Hu ile ya dou 5 ya mwisho wa Song ya Kusini ilitengenezwa na mdomo mwembamba na kitako kipana, na Wamongolia walipoiteka nchi na kuanzisha enzi ya Yuan waliichukua hivyohivyo. Kichuguu juu ya mdomo mwembamba ni kidogo, na udanganyifu wa ubao vilevile unapungua. Aliyelisimamia wazo hilo ni waziri Jia Sidao, mtu ambaye historia ya China inamlaani karibu kwa kila kitu kingine.

Wizi wa upande wa pili, wa kutoa kwa kipimo kidogo, nao una kisa chake maarufu. Cao Cao, mbabe wa vita wa mwisho wa Han, alipoishiwa chakula vitani, msimamizi wa ghala alishauri wagawe kwa hu ndogo, naye akakubali. Askari waliponung'unika, akamwomba msimamizi huyo amwazime kitu cha kuwatuliza watu, akamkata kichwa na kukitundika pamoja na tangazo kwamba marehemu alitumia hu ndogo kuiba nafaka ya serikali. Kisa hiki kimetoka kwa waandishi waliomchukia Cao Cao, kwa hiyo kipokee kwa tahadhari. Ila kinatuonyesha jambo ambalo kila msikilizaji wa wakati huo alilielewa bila kufafanuliwa.

Chombo kinakua

Tangu Shang Yang hadi karne ya 3 B.K., sheng ilikaa karibu mililita 200. Halafu ikaanza kunenepa, na kasi kubwa ilikuwa kaskazini, chini ya falme za karne ya 4 hadi ya 6. Sababu mojawapo haihitaji utafiti mrefu: maofisa wa Wei ya Kaskazini hawakuwa na mshahara mpaka mwaka 484. Mtu anayeishi kwa anachokikusanya, na ndiye mwenye pishi, pishi yake haitakuwa ndogo. Mwaka 495 mfalme Xiaowen aliamuru dou kubwa na chi ndefu ziachwe, nchi irudie vipimo vya kale. Amri haikuzuia kitu. Enzi ya Sui ilipoiunganisha China mwishoni mwa karne ya 6, ilikubali yaishe na kuhalalisha hali iliyopo: sheng 3 za kale zikawa sheng 1. Mfalme wa pili wa Sui alijaribu kurudisha za kale, na jaribio lenyewe halikudumu.

Tang ikaamua kuishi na vyote viwili. Vipimo vidogo vya kale vilibaki kwa kazi nne: kusawazisha ala za muziki, kupima kivuli cha jua, kuchanganya dawa, na kutengeneza mavazi ya sherehe. Ofisi zote kwa shughuli nyingine zilitumia vikubwa, sheng ya mililita 600 hivi. Wakati wa Song ilikaribia 700, na kufikia enzi za Ming na Qing (karne ya 14 hadi ya 20) ilikuwa imepita kidogo lita moja. Mara tano ya ile ya Shang Yang, kwa jina lilelile. Hapo nazungumzia kipimo rasmi tu. Masokoni kila mji ulikuwa na dou yake, na wenye mashamba walikuwa na dou ya kupokelea kodi ambayo haikufanana na ya kuuzia. Sheria ya mwaka 1929 ndiyo iliyoikata sheng kuwa lita moja kamili.

Japani ilichukua ngazi hiyohiyo kutoka China na kuikuza kwa njia yake. Ge ya Wachina huko ni gō, na gō ilifikia mililita 180, mara tisa ya ge ya Han. Kikombe cha plastiki kinachokuja ndani ya jiko la umeme la kupikia wali ndicho hicho.

Mpunga au mchele?

Kiswahili hakimruhusu mtu kuchanganya mpunga na mchele. Maandishi ya Kichina pia yanatofautisha su, nafaka yenye maganda, na mi, iliyokobolewa, lakini mara nyingi karani aliandika kiasi tu, akijua kwamba msomaji wake anaijua ghala. Sheria za Qin zinatupa uwiano: shi 1 na dou 6 na theluthi mbili za uwele wenye maganda, ukitwangwa, hutoa shi 1 ya nafaka iliyokobolewa kikawaida. Hiyo ni 5 kwa 3. Ukiendelea kuitwanga hiyo shi, inabaki dou 9, kisha dou 8 za daraja la juu. Vitabu vya hesabu vya Han vinaanzia na uwiano huohuo wa 50 kwa 30.

Katika kambi za mpakani za Juyan, jangwani kaskazini-magharibi, ambako mwaka 1930 watafiti walianza kufukua vibanzi vya mbao vya jeshi la Han kwa maelfu, uwiano huu umeingia hadi kwenye vipimo. Makarani wa huko wana shi kubwa na shi ndogo, na ndogo ni dou 6 za kubwa. Askari aliyeandikiwa shi ndogo 3 na theluthi kwa mwezi, na aliyeandikiwa shi kubwa 2, wanapata kiasi kilekile. Asiyelijua hilo atadhani wa kwanza alikuwa na cheo.

Sasa hesabu ya mwanzo inawezekana. Geng Shouchang alizungumzia gu, nafaka yenye maganda: hu milioni 4 za lita 20 ni lita milioni 80, na zikikobolewa kwa uwiano wa 5 kwa 3 zinabaki milioni 48. Ming ilizungumzia mi, kwa sehemu kubwa mchele: shi milioni 4 za lita 100 ni lita milioni 400. Gawanya mwenyewe.

Tahadhari moja ya pembeni kuhusu vyeo. Ofisa wa Han aliyeitwa "wa shi 2,000" hakupokea shi 2,000. Katika Han ya Mashariki alilipwa hu 120 kwa mwezi, ambazo ni 1,440 kwa mwaka, na sehemu yake ilitolewa kwa fedha taslimu. Tarakimu ilikuwa imeshakuwa jina la daraja.

Matumbo ya watu wa kale

Pale vipimo vinapogusa mlo wa mtu mmoja, makosa huonekana haraka. Lian Po, jenerali mzee wa Zhao katika karne ya 3 K.K., alitaka kumthibitishia mjumbe wa mfalme kwamba bado anafaa kwa vita, akala mbele yake dou nzima ya nafaka na jin 10 za nyama kwa mlo mmoja. Kwa dou ya Qing hiyo ni lita 10 za nafaka kabla ya kupikwa, na kisa kinageuka hekaya. Kwa dou ya wakati wake ni lita 2, na nyama kilo 2 na nusu. Ni nyingi kwa mzee, lakini ndiyo maana alizila. (Hazikumsaidia, mjumbe alikuwa amehongwa na hasimu wake, akaripoti kwamba mzee anakula vizuri ila alikwenda chooni mara tatu.) Vivyo hivyo mshairi Tao Yuanming, aliyejiuzulu mwaka 405 akisema hatainamisha mgongo kwa ajili ya dou 5 za nafaka: alikuwa anazitaja lita 10 hivi, kilo kama 8.

Kwenye dawa kosa si la kuchekesha. Zhang Zhongjing, tabibu wa mwisho wa Han, anaagiza dawa yake ya mdalasini ichemshwe kwa sheng 7 za maji mpaka zibaki 3. Hiyo ni lita 1.4 kubaki mililita 600. Anayeisoma kwa sheng ya lita moja atainjika lita 7 za maji juu ya viungo vilevile vichache, na mgonjwa atakunywa maji ya moto yenye harufu. Tang ilikuwa na sababu ya kuyaachia matabibu vipimo vya kale.

Aliyeshughulika na jambo hili kwa furaha kubwa zaidi ni Shen Kuo, msomi wa karne ya 11. Alipokuwa akishughulikia vyombo vya falaki vya dola alilazimika kutafuta vipimo vya kabla ya Han, akapata kwamba dou 6 za kale ni sawa na dou 1, sheng 7 na ge 9 za wakati wake. Kisha akaelekeza hesabu hiyo kwa walevi. Vitabu vya Han vinasifu watu walioweza kunywa shi nzima ya pombe bila kuyumba, na Yu Dingguo, waziri mkuu, anasemekana alimaliza shi kadhaa akabaki timamu. Shen Kuo akaanza na pombe yenyewe: kwa kiasi cha nafaka kilichotumika kuipika enzi ya Han, ilikuwa na harufu ya kilevi tu. Akaenda kwenye kipimo: hata ukiipunguza, hu moja ya Han ni dou 2 na sheng 7 za Song, na tumbo la mtu litaziweka wapi dou 2 na sheng 7, hata kama ni maji matupu? Akajaribu mlango wa pili, kwamba labda shi hapo ni ile ya mizani, jin 120. Akazigeuza kuwa jin 32 za wakati wake, na hizo pia ni karibu dou 3 za pombe. Milango yote miwili ikampeleka chumba kimoja, akaandika kwamba hizo shi kadhaa za Yu Dingguo haziingii akilini.